Intumba, Matuta na Mita 60: Historia Inatufundisha Nini Kuhusu Sheria za Tabianchi



Wiki hii siandiki kuhusu viwavijeshi wala vipimo vya mbolea. Nataka tuzungumze historia kidogo, kwa sababu kuna swali limeulizwa hapa kwetu Kasense nami sikuweza kulijibu papo hapo.

Tulikuwa kwenye mkutano wa hadhara. Ajenda ilikuwa kutunza mabonde na vijito, na ikafika zamu ya mita 60. Unaijua hiyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zile zinazoweza kuharibu kingo za mto, ziwa au bwawa, zisifanyike ndani ya mita 60. Mama mmoja anayelima maharage na mboga bondeni kila kiangazi akasimama, akauliza: "Afisa, hizo mita 60 zinaanzia wapi? Masika mto wetu unajaa bonde zima. Kiangazi unabaki mfereji wa kuruka mtoto."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Ukipima kuanzia pale maji yanapofika masika, shamba lake lote limekwisha na unaanza kupanda mlima. Ukipima kuanzia mfereji wa kiangazi, anabakiwa na kipande, na sare na madaftari ya watoto wake hutoka kwenye kipande hicho. Neno moja tu, "ukingo", ndilo linaloamua. Tukakubaliana turudi kwenye mkutano mwingine na rasimu ya sheria ndogo iliyoandikwa vizuri.

Tangu siku ile nimekuwa nikifikiri. Mimi ni mtumishi wa serikali, nalipwa kwa kodi yako, na sheria za nchi nazitii na kuzifundisha. Lakini katika mambo ya ardhi na hali ya hewa mimi ni mtu wa kwenda polepole. Wapo wanaouita msimamo huu wa kihafidhina. Sawa. Kwangu maana yake ni hii: jambo lililodumu shambani kwa vizazi lina sababu yake, na kabla hujaliondoa, ijue kwanza sababu hiyo. Sikuupata msimamo huu vitabuni. Niliupata kwa kukosea, na kwa kusoma yaliyotokea nchi hii kabla sijazaliwa.

Kosa langu la kwanza

Nilipoanza kazi nilikuja na kabrasha la mafunzo na imani kubwa. Nikamkuta mzee mmoja analima kwa intumba. Vijana wengi leo wanalisikia neno hili tu, kwa hiyo nieleze.

Mvua zinapoelekea kuisha na udongo bado una unyevu, unakata na kukusanya majani, unayalundika, kisha unayafunika kwa mabonge ya udongo na mizizi yake. Shamba linajaa vilima vidogo vya mviringo. Ndani ya kila kilima majani yanaoza taratibu kiangazi chote, na juu yake unaweza kupanda maharage au mazao mengine. Mvua mpya zikikaribia unavibomoa, unausambaza ule udongo mweusi, kisha unapanda ulezi. Hiyo ni mboji iliyotengenezwa palepale shambani, bila kubebwa kichwani na bila kununuliwa. Ndugu zetu Wamambwe wa upande wa Zambia wana namna yao inayofanana sana, wanaiita fundikila. Wamatengo wa Mbinga nao wana ngoro, mashimo yaliyozungushiwa matuta ya majani na udongo, ambayo hushikilia maji na udongo kwenye miteremko mikali.

Mimi nikamwambia yule mzee aache mambo ya kale, alime kwa plau shamba zima, achome majani, apande mahindi kwa mstari. Hakubishana nami. Alilima nusu kwa ushauri wangu, nusu kwa namna yake, na mwaka uliofuata akapanda mahindi pande zote mbili. Januari mvua ikakatika kwa karibu wiki tatu. Upande wa mboji mahindi yalikuwa yakinyauka mchana na kuamka jioni. Upande wangu yalinyauka na hayakuamka. Mzee hakunisema. Alinipeleka tu tukasimame katikati ya shamba, kisha akaniuliza habari za nyumbani kwangu.

Usinielewe vibaya. Plau ya ng'ombe imeinua Rukwa, na mahindi kwa mstari ni ushauri mzuri hadi leo. Kosa langu lilikuwa kumwondolea mtu kinga yake dhidi ya ukame kabla sijajua kwamba ni kinga.

Wala wazee hawakuwa malaika. Uwanda huu wa Ufipa ulikuwa maarufu kwa wafua chuma. Tanuru zao ndefu za udongo, malungu, zilikula mkaa mwingi, na ukichanganya na moto wa kila mwaka na kilimo, unaelewa kwa nini sehemu kubwa ya uwanda ni majani matupu. Kwa hiyo sisemi kila cha zamani ni chema. Nasema tukichunguze kabla hatujakitupa.

Uluguru, 1955

Sasa twende Morogoro. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Mwingereza iliingiwa na hofu kubwa juu ya mmomonyoko wa udongo Tanganyika. Hofu yenyewe haikuwa ya uongo. Udongo ulikuwa unakwenda kweli. Wakaja na mipango mikubwa ya eneo kwa eneo: Usambara, Usukuma, Mbulu, na milima ya Uluguru. Ule wa Uluguru ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Amri yake kubwa ilikuwa kuchimba matuta ya ngazi milimani, na asiyechimba alipigwa faini.

Ofisini mpango ule ulionekana mzuri. Shambani ulikuwa na tatizo ambalo mkulima yeyote angelisema kama angeulizwa. Udongo wenye rutuba wa Uluguru ni tabaka jembamba. Ukichimba ngazi pana, unauzika udongo mweusi chini na kuleta juu ule mwekundu usiozaa kitu. Watu walichimba kwa jasho, wakapanda, wakavuna kidogo kuliko zamani. Na Waluguru hawakuwa watu wasiojua kutunza mteremko. Walikuwa na ngazi zao ndogo, wakifukia magugu na majani ndani ya udongo mstari kwa mstari. Kazi yake ni nyepesi na rutuba inabaki juu.

Mwezi Julai 1955 uvumilivu uliisha. Watu walikusanyika Matombo, polisi wakaja, vurugu zikatokea na mtu mmoja akauawa kwa risasi. Baada ya hapo amri ya matuta ilikufa. TANU, iliyoanzishwa Julai 1954, ilipata wanachama wengi kwenye maeneo yenye manung'uniko ya namna hii. Hasara nyingine ndiyo inayoniuma mimi kama afisa ugani. Tuta liligeuka kuwa alama ya kuonewa. Kwa miaka mingi iliyofuata, ukimwambia mtu achimbe tuta, hata tuta zuri, anakumbuka faini.

Hapo tunajifunza kwamba amri mbaya huharibu zao la mwaka ule, kisha inaharibu jina la jambo lenyewe. Anayekuja baadaye na ushauri mzuri anakuta mlango umefungwa.

Shinyanga: kata miti, kisha panda miti

Kisa cha Shinyanga kinachekesha na kuhuzunisha. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ilihamasisha watu kufyeka mapori makubwa ya Usukuma ili kuondoa mbung'o, kwa sababu mbung'o anaua ng'ombe. Maelfu ya watu walifyeka. Mbung'o walipungua kweli. Miti nayo ikaisha. Ukaja ulimaji wa pamba, mifugo ikaongezeka, na baada ya Uhuru ikaja Operesheni Vijiji. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 kila mtu wa kijijini awe anaishi katika kijiji cha ujamaa. Watu wakahamishwa kutoka maeneo yao ya zamani, na maeneo waliyokuwa wameyafunga kwa ajili ya malisho yakakosa mwenyewe.

Maeneo hayo Wasukuma wanayaita ngitili. Mkulima au ukoo unafunga kipande cha malisho wakati wa mvua, majani yanakua, kisha yanafunguliwa kiangazi kwa ndama, ng'ombe wa maziwa na maksai. Humo ndani miti nayo huota yenyewe.

Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa inatajwa kama jangwa. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mwanzoni walifanya kama tunavyofanya sisi wote: vitalu vya miche, miti mingi ya kigeni, kampeni. Baadaye wakagundua kwamba wananchi walikuwa na jibu lao tayari. Wakaacha kusukuma miche peke yake, wakawasaidia watu kufufua ngitili, ya mtu binafsi na ya kijiji, kwa sheria ndogo zao na walinzi wao wa jadi, sungusungu. Maelfu kwa maelfu ya hekta yalirudi kuwa kijani. Mwaka 2002 HASHI ilipata tuzo ya kimataifa ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Fikiria safari yenyewe. Serikali iliamuru miti ikatwe, kisha ikavunja mpangilio uliokuwa ukiilinda iliyobaki, kisha ikaamuru ipandwe, na mwishoni ikafaulu pale iliporudi kwa mwenye ng'ombe na kumuuliza baba yake alikuwa akifanyaje.

Haki upande wa pili

Nisiwe mwongo kwa kuchagua visa vya upande mmoja. Kuna Kondoa. Pale ardhi ilikuwa imekatwakatwa na makorongo ya kutisha. Mradi wa HADO ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 serikali ikatoa mifugo yote katika eneo lililoharibika, makumi ya maelfu ya ng'ombe, mbuzi na punda. Ilikuwa amri kali. Na ilifanya kazi: majani yalirudi, miti ikaota, watu wakalima tena sehemu zilizokuwa mchanga mtupu. Mtu akikwambia amri haijawahi kuponya ardhi Tanzania, mwambie aende Kondoa.

Lakini muulize na bei yake. Ng'ombe wale hawakuyeyuka. Walikwenda kulisha kwingine, na familia nyingi zilipoteza maziwa, samadi na maksai kwa mara moja. Dawa kali inaweza kuponya, ila hupewa mgonjwa aliyepimwa. Haigawiwi nchi nzima kwa sababu Kondoa ilipona.

Na kuna kazi ambazo bila serikali hazifanyiki kabisa. Hapa kwetu mfano ni nzige wekundu. Kuanzia 1930 hadi katikati ya miaka ya 1940 nzige hawa walisumbua karibu nusu ya Afrika, na mojawapo ya mazalia yao makubwa ni mbuga za bonde la Ziwa Rukwa, hapo chini yetu. Mkulima mmoja na debe lake la kupiga kelele hawezi kitu. Mwaka 1949 serikali za eneo hili zilianzisha huduma ya kimataifa ya kudhibiti nzige wekundu, makao yake Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, jirani zetu. Kazi ilikuwa kukagua mazalia na kuua nzige wakiwa bado wachanga. Kazi hiyo inaendelea hadi leo kupitia shirika lililorithi, lenye makao Ndola. Hatukufaulu kwa kumwamuru mkulima apande nini. Tulifaulu kwa sababu serikali ilifanya kazi ambayo mkulima hawezi kuifanya mwenyewe.

Ndivyo ninavyogawa. Nzige, magonjwa ya mifugo yanayovuka mipaka, barabara, utabiri wa hali ya hewa, kukamata mbegu feki na dawa feki: hayo ni ya serikali, na tuidai iyafanye kwa nguvu. Namna ya kupanga jembe, tuta na mbegu kwenye ekari yako ni yako, na serikali ije hapo kama mshauri.

Rukwa na mkono mkarimu

Sasa turudi nyumbani, maana hata ukarimu wa serikali una historia yake.

Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974. Miaka hiyo serikali ilikuwa na bei moja ya mahindi nchi nzima. Gunia la Sumbawanga na gunia la jirani na Dar es Salaam yalinunuliwa kwa bei ileile, na gharama ya lori ilibebwa na serikali kupitia Shirika la Usagaji la Taifa. Ongeza mbolea ya ruzuku. Kwa sisi tulio mbali ilikuwa neema. Rukwa ikawa mmoja wa mikoa minne mikubwa ya mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma.

Kisha mifuko ya serikali ikatoboka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 biashara ya mazao ikaanza kufunguliwa, bei moja ikafa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ruzuku ya mbolea ikapunguzwa hadi ikaondolewa. Mkulima wa mbali akabaki na mahindi yanayodai mbolea, mbolea isiyonunulika, na barabara mbovu inayokula bei ya gunia. Aliyekuwa ameacha kabisa mboji, samadi na ulezi alianguka zaidi kuliko aliyekuwa amebakiza kidogo.

Leo ruzuku ya mbolea imerudi tangu msimu wa 2022/23, na mimi mwenyewe nawahimiza mjiandikishe. Ichukue. Lakini lima kana kwamba siku moja itaondoka tena, kwa sababu iliwahi kuondoka.

Na wewe mfanyabiashara unajua habari ya zuio. Mwaka 2011, na tena 2017, serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi kwa hofu ya njaa. Nia ilikuwa kulinda chakula. Huku kwetu, ambako soko la Zambia na Kongo liko karibu kuliko Dar es Salaam, zuio lilimaanisha ghala lililojaa na mnunuzi asiyekuja. Mara zote mbili liliondolewa baadaye. Lakini aliyekuwa amekopa kununua mzigo hakurudishiwa riba yake. Nalisema hili kwa sababu mabadiliko ya tabianchi yataleta miaka mingi ya hofu, na serikali yenye hofu hupenda kufunga mipaka. Usiweke mtaji wote kwenye zao moja na soko moja.

Tabianchi ya leo

Je, nasema tabianchi haibadiliki? Hapana. Unaiona mwenyewe: mvua ya kupandia inakuja na kukatika, joto limeongezeka. Ni kweli Ziwa Rukwa limewahi kunywea sana na kujaa tena karne iliyopita, na ukame si mgeni. Lakini wanaopima wanatuambia dunia inapata joto na moshi wa viwanda na magari ndio chanzo kikubwa. Nawaamini. Mchango wa Tanzania katika moshi huo haufiki asilimia 1 ya dunia. Mkulima wa Kasense hakuwasha moto huu, ila nyumba inayoungua ni yake pia.

Kwa sababu hiyo sera zinazokuja zinapaswa kwanza kumsaidia kustahimili, kabla hazijamkataza. Tazama nishati ya kupikia. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku zilipewa hadi 31 Januari 2024 kuacha kuni na mkaa, na mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Lengo ni zuri. Macho ya akina mama na misitu yetu vinaumia kwa kuni. Lakini tarehe ya kuacha kuni ina maana pale tu mtungi wa gesi unapofika kijijini kwa bei ya kijijini. Mtungi ukifika, mkaa utapungua wenyewe, na muuza mkaa mwenye akili atakuwa wa kwanza kuuza mitungi.

Tazama na biashara ya kaboni. Kanuni zake zilitoka mwaka 2022. Jirani zetu wa Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, wana vijiji vinavyolipwa kwa kulinda misitu yao, na fedha zimejenga madarasa na zahanati. Kwa nini imewezekana? Kwa sababu msitu ni wa kijiji, una mipaka, una mpango wa matumizi ya ardhi, na sheria za mwaka 1999 na 2002 zinakitambua kijiji kama mwenye mali. Mtu hutunza kilicho chake. Ila angalia: mikataba ya kaboni ni ya miaka mingi sana. Unachosaini leo kitamfunga mjukuu. Msisaini kitu ambacho mkutano mkuu haujasomewa kwa Kiswahili neno kwa neno.

Nenda mkutanoni na haya

Kwa hiyo, kabla ya mkutano wetu ujao, na kabla ya mkutano wowote wa sheria ndogo utakaoitwa kwenu, fanya mambo haya:

1. Anza daftari la mvua. Chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, liweke mahali pa wazi, pima kwa rula kila asubuhi, andika tarehe na milimita, kisha mwaga. Andika siku ya mvua ya kwanza na vipindi vilivyokauka. Linganisha na utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unaotoka kabla ya Novemba. Mwenye daftari la miaka mitatu husikilizwa kuliko mwenye kelele.

2. Pima bonde lako. Weka kigingi pale maji yanapofika masika na kingine pale yanapobaki kiangazi. Pima hatua kati yake. Swali la yule mama litajibiwa kwa vigingi.

3. Soma sheria yenyewe, usisikie tu. Inazungumzia shughuli za kudumu na zile zinazoharibu kingo. Bustani ya maharage ya kiangazi iliyoachiwa ukanda wa majani kando ya maji ni tofauti na nyumba ya matofali au shamba lililolimwa hadi majini. Pendekezeni ukanda huo wenyewe, na muoteshe matete au majani ya malisho, kabla mtu mwingine hajawapangia. Kisha muombe wanaohusika na mazingira wilayani wauone na kuusemea.

4. Kwa kila kanuni mpya uliza maswali manne: Tatizo ni lipi hapa kwetu, si kwingine? Nani atalipa gharama yake? Tulikuwa tukifanyaje kabla, na kwa nini? Tukiona imeshindwa, inaondolewaje?

5. Acha angalau robo ekari ya intumba au mboji. Usichome majani yote. Panda ulezi kidogo na maharage pamoja na mahindi. Hii haihitaji kibali cha mtu.

6. Mfanyabiashara, andika bei za kila mwezi na gharama za lori. Zuio likija, barua yenye hesabu itafika mbali kuliko malalamiko ya dukani.

7. Timiza upande wako. Tukikataa amri ya wilaya halafu tukalima hadi majini na kuchoma uwanda kila Agosti, tutakuwa tumeiomba amri wenyewe. Kondoa ilifika kwenye amri kali kwa sababu ilikuwa imechelewa.

Bwana shamba wa mwaka 1955 hakuwa mtu mbaya. Aliona udongo unakwenda na alitaka kuuokoa. Alikosa kitu kimoja tu, hakumuuliza mwenye shamba kwa nini analima vile. Mimi nimevaa viatu vyake, na ofisi yangu inanitaka nilete taarifa ya idadi ya mashamba yaliyohamishwa kutoka bondeni. Nitapeleka pia idadi ya vigingi.

Mama, kama unasoma haya au mwanao anakusomea kwenye simu, lete futi kamba. Mimi nitaleta daftari. Tutapima bonde kabla ya mvua, na mkutano utakapoitishwa tena tutakuwa na jibu.